Shangazi Aliuliza

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, hofu ni kwako. Goti la Mama limepoa.

Kifafa kilinishika kazini. Nilikuwa juu ya ngazi, nachora bango la duka la viatu. Nilipozinduka nilikuwa chini, rangi nyekundu imenimwagikia, watu wamenizunguka wakidhani ni damu. Mmoja akasema, "Msimguse, inaambukiza." Bosi ameniambia nisirudi mpaka nipone. Nipone lini, na ninacho tangu darasa la pili?

Dawa nameza, kisha nalala mchana kutwa. Nimechoka, Shangazi. Nyumba hii ingepumua bila mimi. Simu nimezima, chumba ni kimoja, Mama husikia yote.

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, cherehani ndiyo inayokohoa. Ningekutania kuhusu hiyo rangi, maana hujawahi kuchora bila kujipaka, lakini yale maneno ya nyumba kupumua bila wewe hayanitoki. Nakuuliza waziwazi, na sitakasirika: unafikiria kujiua?

Dereva wa basi aliyekuletea barua hii anasubiri mlangoni. Mpe jibu, hata neno moja.

Shangazi yako


9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Ndiyo.

Mwanao


2 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umefika kwako salama na wateja wamekusamehe. Bado namsikia yule bibi harusi akikupigia simu kuhusu gauni lake, nawe unamjibu, "Subiri, nina mgonjwa."

Mimi naendelea. Siku ile ulipotokea mlangoni baada ya jibu langu na kuniambia "Vaa viatu, twende," nilikuchukia. Kliniki nilitaka useme wewe, ukamwambia muuguzi, "Muulize mwenyewe." Nikasema. Hakushtuka. Alisema wenye kifafa wengi hubeba mzigo huu kimyakimya, na kwamba baadhi ya dawa zenyewe huweza kumshusha mtu moyo. Daktari anaibadilisha yangu polepole. Amenionya nisithubutu kuiacha mwenyewe. Na kila wiki nakaa na mshauri, naongea mpaka koo linakauka.

Mama, nilipomwambia, alilia, kisha akafoka: "Nani kakwambia nyumba hii inataka kupumua?"

Jumatatu moja nilimwendea bosi. Nikamwambia, "Kupona sijapona, lakini kazi naitaka."

"Na ngazi?"

"Panda wewe. Mimi nitachorea mezani."

Akacheka, akanisogezea meza. Nimewafundisha wenzangu: anguko likija, nilazeni ubavu, msinitie kitu mdomoni, mkae nami. Tangu hapo limekuja mara moja tu. Nilizinduka fundi mwenzangu kakaa pembeni yangu, ananipepea kwa kipande cha boksi.

Sitakudanganya, Shangazi. Jumapili yale mawazo yalirudi. Sikungoja yakomae, nilimwamsha Mama usingizini, tukakaa.

Bosi amepata kazi ya kuchora kuta za shule mwezi wa tisa. Kuta ni fupi, hazihitaji ngazi. Jana aliniuliza kama nitakuwepo.

Nimemwambia nitakuwepo.

Mwanao