Gari la Papa Liko Tayari

Likasi, Kikula, mwezi wa nane

Yaya Chadrack, kaka yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na Martine, na natumaini barua hii itawakuta nyote wawili wazima. Kile kikohozi chako cha vumbi la Kolwezi kimekwisha? Nakujua, utasema kimekwisha huku unakohoa. Sisi huku tunaishi. Baridi ya asubuhi imeanza kupungua, umeme unakuja na kuondoka unavyotaka, na Mama Georgette wa jirani bado anajua habari za nyumba yetu kabla yetu sisi wenyewe.

Utashangaa kupata barua, wakati tumezungumza kwa simu juzi tu. Simu ya nyumba hii haina siri. Nikipokea, Papa anakuja kusimama karibu, anauliza ni nani, kisha anataka kuongea yeye. Haya niliyo nayo siwezi kuyasema yeye akisikia, na hata sauti yangu siiamini. Ndiyo maana nimempa Osée, anayepeleka lori Kolwezi kesho, akuletee mkononi. Usimsomee Martine kwanza. Isome peke yako.

Uliuliza kama gari liko tayari. Liko tayari. Hilo ni kweli na nalisema mwanzo, maana najua umekuwa ukiiota ile Peugeot 404 ikiingia uwanja wa kanisa lenu, Papa kwenye usukani na kofia yake, Martine nyuma na shela yake, kama Mama alivyobebwa siku ya arusi yake na Papa. Papa naye hakuwa na wimbo mwingine. Kila aliyepita barabarani aliambiwa kwamba Papa Camille mwenyewe ataliendesha gari kutoka hapa hadi Kolwezi, bila kusaidiwa na mtu, akambebe mke wa mwanawe.

Na kweli, boîte ya vitesi ya zamani, lile sanduku la gia, isingefika Kolwezi. Vitesi ya tatu ilikuwa ikilia na kuruka yenyewe, meno yameliwa. Hii uliyotuma, iliyotoka kwenye Peugeot 505, ina vitesi tano na ni nzima kabisa. Nililiinua gari uani juu ya magogo, nikavaa salopeti ya Papa, ile ovaroli ya siku zake za ufundi kwenye garage ya kampuni, nikaingia chini. Papa alikaa kwenye kiti kando yangu akinipa funguo, kama zamani alipotufundisha, wewe ukikimbilia mpira na mimi nikibaki. Mama Georgette alichungulia juu ya ukuta, akaniuliza mwanamke anayelala chini ya gari bwana atampata wapi. Nikamwambia huenda amejificha ndani ya boîte, ndiyo maana naifungua. Papa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku ile, yaya, tulikuwa na furaha.

Lakini nilikuwa namwomba ufunguo wa kumi na tatu, ananipa nyundo. Naomba bisibisi, ananipa kikombe cha chai. Nilidhani ananitania, nikamtania na mimi, nikamwambia uzee umemkalia mabegani. Alicheka, ila baada ya hapo alianza kuniangalia usoni kwanza kabla ya kunipa kitu chochote. Sikulitia maanani, nilikuwa na kazi.

Boîte mpya ni ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma ilibidi ukatwe. Clovis, yule fundi wa kuchomelea vyuma pale karibu na soko, aliufupisha na kuuunga mbiombio kabla umeme haujakatika. Tulipoufunga, gari zima likatetemeka. Haraka haraka haina baraka. Tukautoa, akauunga upya polepole, ukanyooka. Kazi iliyobaki ilikuwa levier, ule mkono wa kubadilishia vitesi. Unakumbuka ya zamani ilikuwa juu, kando ya usukani. Hii mpya inatokea chini. Nikaiondoa ile ya juu, nikakata tundu kwenye sakafu ya gari, katikati ya viti vya mbele. Nilipoanza kukata, Papa alisimama akaingia nyumbani, akisema baridi inamuuma. Jua lilikuwa kali, lakini sikumfuata, maana nilitaka kumaliza.

Nililijaribu mwenyewe kwanza, kwenye barabara ya kwenda Tshangalele. Nilipoweka ya tano injini ikatulia kabisa, na mimi nikarudi naimba. Kisha nikamwita Papa. Alitoka amevaa koti la kanisani na kofia. Majirani walisimama kwenye lango, Clovis akapiga makofi. Papa akaketi, akawasha, akakanyaga pedali ya embrayage, ile klachi, vizuri kama siku zote, na mkono wake wa kuume ukapanda kando ya usukani kuitafuta levier. Haikuwapo. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikauchukua mkono wake nikauweka chini kwenye levier mpya. Ukapanda tena. Nikaushusha. Ulipopanda mara nyingine hakuna aliyecheka. Papa akazima injini, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti, akaniuliza polepole, "Hii mutoka iko ya nani?"

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimwuliza ni siku gani, ni mwaka gani, ana watoto wangapi. Kisha akanieleza kwamba kumbukumbu za Papa zimekuwa zikimtoka kwa muda mrefu, na kwamba alizoea kulificha jambo hilo kwa mazoea yake: njia ileile ya soko, benchi lilelile kanisani, gari lilelile. Kichwa kilikuwa kimeacha kuendesha, mkono ndio ulioendesha. Tulipoondoa levier ya zamani, mkono nao ukapotea. Alisema si kosa letu, ugonjwa ungejionyesha siku yoyote. Kwa hiyo usijilaumu kwa boîte uliyotuma. Uliituma kwa upendo, nami niliifunga kwa upendo. Nilitaka kurudisha ya zamani hata na meno yake yaliyoliwa, na Clovis alikuwa tayari kunisaidia, lakini daktari alisema haitamrudisha Papa, na barabarani angeweza kuua watu. Maji yamemwagika, yaya, hayazoleki. Papa hatambeba Martine.

Hayo peke yake pengine ningejikaza nikakuambia kwa simu. Kuna jingine. Tangu siku ile Papa ananiita fundi. Mwanzoni nilidhani ni kwa sababu ya salopeti, nikavaa kikwembe cha Mama, kile kitenge chake kizuri. Akanisifu kwamba fundi leo amependeza. Nilipomwambia mimi ni Élise aliogopa, macho yakatafuta mlango, basi nikaacha. Juzi alasiri aliniita nikae kando yake, akahakikisha hakuna mtu uani. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: "Fundi, weye iko muntu muzuri, nakuambia kintu moja. Minye iko nasahau. Kuendesha mutoka, sijue tena. Lakini usiambie Élise. Tangu mama yake alikufa, ule mutoto iko na minye tu. Atalia."

Alinishika mkono akaniapisha, nami nikaapa. Kisha akaanza kunisimulia huyo binti yake: jinsi anavyojua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu, jinsi alivyokataa kazi ya Lubumbashi ili asimwache peke yake, na kwamba yeye Papa hakuwahi kumshukuru, kwa kuwa hakujua aanzie wapi. Nilijibu ndiyo, Papa Camille, ndiyo. Maisha yangu yote nimengoja maneno hayo, na nimeyapata nikiwa mtu baki. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia sana, kama alivyosema nitalia.

Niliapa kwamba Élise hataambiwa. Kuhusu Chadrack hakuniapisha, ndiyo maana nakuandikia. Njoo, yaya. Usingoje arusi. Jina lako bado analitaja bila kulitafuta, na uso wako nadhani ataujua. Siku yenu nitaendesha mimi, hilo lisikusumbue. Ila nataka akuone wakati bado unaweza kumwita Papa naye akaitika.

Nisalimie Martine na wazazi wake, na umwambie shela yake haitaguswa na grisi, nitaosha kila kiti. Clovis anakusalimu. Mama Georgette anauliza vikwembe vya arusi ni vya rangi gani, asije akaaibika. Papa yuko hapa karibu. Nimemwambia fundi anaandika barua kwenda Kolwezi, kama ana neno. Anasema ule vizuri na usilale na madirisha wazi. Anasema pia kama utamwona Élise huko, umsalimie sana, umwambie arudi nyumbani, maana hajamwona siku nyingi.

Ni mimi, mdogo wako,

Élise