Mwezi wa Watoto wa Maandalizi

Jumatatu, 6 Shaabani

Leo nimekuwa mwalimu wa maandalizi. Mimi! Niliyesomesha chuo cha Qurani barazani hapa tangu wazazi wa watoto hawa hawajaota meno.

Zulekha, binti wa marehemu kaka yangu, amejifungua kabla ya siku zake. Skuli yake ya maandalizi imo katika uwanja wa chuo changu, na mwalimu mwingine hapa Shumba Viamboni hakuna. "Ami, ni mpaka nitoke arubaini tu," kaniambia. Tu! Arubaini yake itaingia ndani ya Ramadhani.

Kanipa kitabu cha muongozo. Sayansi na maarifa ya jamii — kwa watoto wa miaka mitano. Fungu la kwanza mbegu, la pili watu wanaotusaidia, la tatu anga. Nimekisoma chote. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtoto akae kimya.

Asubuhi tulilaza choroko katika pamba mbichi ili watoto wazitazame zinavyoota. Hudhaifa katafuna zake. Nikamuuliza sababu. Kasema anataka ziote tumboni. Wenzake wakacheka mpaka mmoja akajikojolea mkekani.

Subira, ewe nafsi.

Jumanne, 7 Shaabani

Maarifa ya jamii. Muongozo unataka watoto waigize watu wanaotusaidia. Mwatum, binti wa Jaribu wa bodaboda, akawa nesi. Kanidunga kwa kijiti hapa mkononi na kuniambia: "Tulia, Maalim, we mtu mzima." Nimesoma kwa mashehe wakubwa ili niambiwe hivyo!

Hudhaifa akawa imamu. Kabla ya kusema neno akakohoa mara mbili na kujishika koo — imamu wetu Shehe Othman mtupu! Nilipaswa kukemea. Nikageuza uso.

Hapo mmoja akauliza: mbona sisi tuna maimamu wawili? Mwingine akadakia kuwa mwaka jana babu Ngwali alikula Idi na wao kwao wamefunga. Kweli tupu. Ngwali ni shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, naye husali msikiti wa chini, ambako hufuata mwezi ukionekana popote duniani. Sisi wa msikiti wa juu hungoja uonekane kwetu. Mji mmoja, Ramadhani mbili, na mke wangu analia jikoni kwa kuwa nduguye hali futari kwake.

Nikawaambia hayo ni ya wakubwa. Mwatum kauliza: "Kwani wakubwa hawauoni mwezi?"

Nikagonga kengele ya kwenda kunawa kabla ya wakati wake.

Alhamisi, 9 Shaabani

Amekuja Bwana Haidar, mshauri wa skuli za maandalizi, kwa pikipiki kutoka Wete. Kijana mwenye adabu, lakini hachoki kusema. Kaiona bakora yangu juu ya dari na kaniomba kwa upole niipeleke nyumbani. Haijampiga mtu miaka mingi, ile. Ipo kwa heshima.

Kasema mtoto hapewi jibu. Aachwe atazame mwenyewe. Nikamjibu kuwa elimu hupokewa kutoka kwa aliyepokea. Kasema: "Sawa, Maalim, lakini mbegu hawezi kuipokea, lazima aione." Kisha akacheka! Nami nimekaa kutwa nzima nikitafuta jawabu la kumtia adabu, silioni.

Basi nimeamua kuanza fungu la anga, kwa mwezi. Huu naujua. Kila jioni watazame kwao, asubuhi kila mmoja achore kwa chaki alichokiona, juu ya ukuta wa ghala. Muongozo unasema: tazama, sema, chora. Nimeongeza sharti langu — asemaye asichokiona, siku ya pili hashiki chaki. Sharti hili halimo kitabuni, na ndilo bora kuliko kitabu kizima.

Jumatano, 15 Shaabani

Jana usiku tulisoma Yasini msikitini, mwezi umejaa pomoni. Asubuhi ukuta mzima umejaa duara. Duara la Hudhaifa lina masharubu.

"Umeyaona hayo masharubu?"

"Nimeyaona, Maalim. Kama yako, ila yake meusi."

Kesho hashiki chaki. Kalia kama kafiwa.

Mahali pa Mwatum palikuwa patupu. Nikamuuliza vipi. "Nililala." Wenzake wote walikuwa wamechora, naye angeweza kuiga duara bila ya mtu kujua. Nikamsimamisha mbele ya darasa na kumsifu. Hii ndiyo amana, nikawaambia. Sema ulichokiona; hukuona, sema hukuona.

Nimerudi nyumbani nimeridhika. Mara ya kwanza tangu shughuli hii ianze.

Jumatano, 22 Shaabani

Siku mbaya.

Siku kadhaa sasa mwezi hauonekani jioni, na watoto wanadai umeibiwa. Leo asubuhi, katikati ya hesabu ya kokoto, kelele uwanjani: "Mwezi! Mwezi mchana!" Wakanivuta kanzu mpaka nje. "Ule, Maalim! Juu ya mnazi wa Bi Ghaliya!"

Nikatazama. Mnazi niliuona — kivuli chake tu. Juu yake weupe, na ndani ya weupe, weupe. Nikafikicha macho. Watoto kelele, jua kali, nimechoka! Nikasema: "Naam, nauona. Haya, ndani, mkachore."

Mwatum kachora nusu mwezi uliolala, sehemu ya chini haipo. Katika kitabu cha muongozo mwezi wa siku hizi umekatwa upande, kama mkate uliopasuliwa wima. Mwezi mwandamo nimeutafuta maisha yangu yote. Huu wa asubuhi sikuwahi kuushughulikia. Nikafuata kitabu. Nikamwambia amekosea. "Umekatika chini, Maalim, si umeuona?" Kaniuliza mbele ya wote. Nikakasirika. Nikachukua kitambaa nikaifuta picha yake, nikachora ya kitabuni mahali pake.

Hakulia. Ameangalia ukuta, kisha ameniangalia mimi.

Alhamisi, 23 Shaabani

Nimekwenda kumuona Zulekha na mwanawe. Katikati ya mazungumzo nikamuuliza, kama mtu anayepitisha wakati, mwezi wa asubuhi hukatika wapi.

"Chini, ami. Nimeuona leo nikianika nepi. Picha za kile kitabu zimechorwa na watu wa mbali, kwao mwezi husimama. Kwetu hulala. Hukusoma? Nimeandika pembeni kwa penseli."

Pembeni, kwa penseli! Maandishi ya sisimizi! Nimefungua ukurasa ule tena. Naona doa.

Kwa hiyo mtoto alisema kweli. Mimi ndiye niliyesema nisichokiona, mwenye sharti lake. Daktari wa macho Wete aliniambia tangu mwaka jana kuwa nina mtoto wa jicho, pande zote mbili. Sikumwambia mtu. Qurani ninayo kifuani, njia ya msikitini miguu inaijua — nani ahitaji kujua?

Jumapili, 26 Shaabani

Baada ya Alasiri misikiti yote miwili ilikaa pamoja. Sikuamini ningeliona hilo. Ngwali kasema watu wamechoka kula futari kwa kisirani. Wao wa chini wakisikia mwezi umeonekana ng'ambo watafunga, hilo hawataliacha. Lakini nasi tukiuona usiku huohuo, mji utafunga pamoja, na futari zitakuwa moja. Shehe Othman kakohoa, kakubali. Nani basi atakuwa jicho letu? Maana mwaka jana vijana watatu waliapa wameuona, kila mmoja pahala pake.

"Maalim Nasor," kasema mtu. "Huyu ujanani mwezi ulikuwa haumpiti."

Wote wakaitikia. Ngwali kanipiga bega: "Shemeji, mwaka huu nile kwako, au nije na sufuria langu?" Watu wakacheka. Mimi nikatabasamu — nikanyamaza.

Nilipaswa kusema palepale. Maneno yalifika menoni. Wazee walikuwa wanapeana mikono.

Jumanne, 28 Shaabani

Nimempa Mwatum chaki nzima, mpya. Nikamwambia mbele ya wenzake kuwa picha yake ya siku ile ilikuwa sawa na yangu ilikuwa na makosa, basi airudishe ukutani.

Kaenda nayo mpaka ukutani. Kisha: "Nishausahau, Maalim. We si uliufuta?"

Nimemwambia kesho jioni kutatafutwa mwezi mpya, aje na baba yake.

Jumatano, 29 Shaabani, baada ya Magharibi

Sijui hata kama tarehe hii ni sahihi. Ikiwa mwezi umeandama, basi hii tayari ni Ramadhani.

Naandika haraka. Nimewaambia naingia nyumbani kutia udhu, ndipo niwajibu; wananingoja nje.

Watu walijaa uwandani, wa juu na wa chini pamoja. Habari ya ng'ambo ilikuwa imekwishamfikia Ngwali kwenye simu: kwao kesho ni saumu. Kwetu mawingu, mistari mistari. Jua likazama. Walinitanguliza mbele, na mimi nimekazia macho mahali ninapojua mwezi hukaa. Nikaona wekundu. Nikaona tope. Vijana nyuma yangu wakasema hawaoni kitu, mawingu yamefunga.

Nikavutwa kanzu. Mwatum. "Ule, Maalim. Baina ya wingu refu na lile lenye mkia. Kama ukucha. Umelala." Jaribu, baba yake, kachutama kufuata kidole chake. Wingu likapita. "Umeingia," kasema mtoto. Jaribu kakiri hakuuwahi.

Basi! Hakuna mwingine. Kwetu sisi Mashafii, kuingia Ramadhani kunatosha shahidi mmoja mwadilifu, lakini awe amebaleghe. Mtoto haupokewi ushahidi wake. Najua ukurasa na mstari.

Shehe Othman kakohoa: "Maalim, mtoto kaona. Wewe nawe umeona?" Watu wote wamenigeukia. Ngwali keshaanza kucheka kwa furaha. Mke wangu kesharoweka mbaazi za watu ishirini.

Ninamwamini yule mtoto kuliko macho ya kaumu nzima. Umelala, kasema. Ukucha. Hilo hakulipata kitabuni. Kwa hiyo nikisema "naam", nitakuwa nimesema kweli juu ya mwezi. Na uongo juu yangu. Wepesi gani! Neno moja, nililokwisha kulisema siku ile ya mnazi. Na nikisema "sikuona", mji unapasuka tena usiku huu, na kila mtu atauliza tangu lini Maalim haoni, na kwa nini alinyamaza wazee walipopeana mikono.

Nje Shehe Othman anakohoa.

Mwatum yupo mlangoni kwangu, hakubisha hodi. Kaniuliza: "Maalim, umeuona?"

Nimemwambia: "Sijauona, mwanangu. Na ule wa mchana pia sikuuona."

Hakushangaa. Kasema: "Basi waambie nimeuona mimi."

Nimemweleza kuwa yeye ni mdogo, neno lake halitoshi. Kasema: "We sema tu. Usinifute."

Anakohoa tena, mara mbili. Kofia ninayo. Natafuta kiatu cha pili kwa mguu, chini ya kitanda, nyuma ya mlango, hakipo — Mwatum kanipa, kilikuwa mbele yangu.

Kanishika mkono. Tunatoka.