Mti Namba Nne

Jumatatu, 6 Julai 2009

Stima imepotea tena. Simu tano mezani, mbili tu zimejaa chaji. Mwenzangu Wafula anasema nisijali. Siku hizi hana neno lingine. Yeye ndiye aliyeunda mchezo huu hapa ofisi ya serikali ya mazingira, Kitale: mwanafunzi anatembea na simu kando ya kijito kule Bumula, akikaribia mti tulioutia kwenye ramani, simu inalia na kumwuliza swali kuhusu mti huo. Kwenye karatasi unapendeza. Jumamosi wanakuja wageni wa kampuni ya utalii. Wakiupenda, wataleta watu Bumula. Wasipoupenda, mkubwa atafungia simu kabatini na mimi nitarudi kubandika mabango ya "Tunza Mazingira" ambayo hayasomwi na yeyote.

Jumanne, 7 Julai

Majaribio na darasa la saba. Aibu tupu. Simu zililia katikati ya mahindi ya jirani. Mti uko kule, simu inasema uko hapa. Mawingu yanaziba setilaiti, anasema Wafula. Watoto wakakanyaga mahindi, mwenye shamba akatufokea, na alikuwa na haki.

Jambo moja tu lilinifurahisha. Kituo cha nne, kwenye mvule wa Mama Nasimiyu, simu ilikubali. Ujumbe niliuandika mwenyewe: "Umefika. Inua macho. Nani anaishi humu?" Watoto wakainua macho. Hondohondo wawili, wale ndege wa midomo mikubwa, wakatoka tunduni kwa kelele zao mbaya, na hakuna aliyeangalia simu tena. Ndicho nilichokitaka tangu mwanzo.

Mvule huo ndio wa mwisho upande ule wa kijito. Mama Nasimiyu ni mjane, ameutunza tangu mumewe afe. Nataka wageni wauone, ili uwe na faida ukiwa umesimama. Nilimweleza kwamba ni mchezo wa wanafunzi na wageni. Akaitikia kwa kichwa, akatupa ndizi.

Jumatano, 8 Julai

Nimepata dawa. Rangi! Kopo la nyekundu lilibaki tulipopaka lango la ofisi. Nimeenda Bumula peke yangu na kupiga namba kwenye kila mti wa mchezo, kubwa, zionekane toka mbali. Simu ikikosea, macho hayatakosea. Mama Nasimiyu alikuwa ameenda sokoni, sikumngoja. Mvule nimeuandika 4. Nimerudi nyumbani Matisi na vidole vyekundu, na kwa mara ya kwanza wiki hii nimeridhika.

Alhamisi, 9 Julai

Mvua. Mkubwa anauliza kila saa kama tuko tayari. Nimechoka na sauti yake.

Ijumaa, 10 Julai

Tumefika kukagua njia. Nilisikia msumeno wa mashine kabla sijaona kitu. Nikakimbia. Mvule uko chini. Wapasua mbao wanakata matawi, majani bado mabichi.

Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Mama Nasimiyu akatoka nyumbani kwake, mtulivu kabisa.

"Usinifokee, madam. Selikali ikishapiga mti namba, si huo mti umeenda? Wakati wa kupanua balabala walipiga namba miti ya bwanangu, wakabeba yote. Hata kuni sikupewa. Mala hii nikasema bora niuze mimi kabla hawajakuja."

Nikamwambia nilimweleza ni mchezo.

"Mtu mzima na kopo ya langi, ati anacheza? Bana, mimi si mtoto."

Nilitaka kumkasirikia. Nimeshindwa. Namba nyekundu kwenye mti, kila mtu huku anajua maana yake. Mimi pia najua. Nimekua Kitale nikiziona kando ya barabara, na baada yake visiki. Wiki nzima nilikuwa nawaza simu tu. Nilitaka hata kumlaumu Wafula, lakini brashi niliishika mimi.

Hondohondo walikuwa juu ya mkaratusi wa jirani. Sikuweza kuwaangalia.

Jumamosi, 11 Julai

Wageni wamekuja. Vituo vitatu badala ya vinne. Simu moja ikazimika, nyingine ikawapeleka mahindini. Wakasema ni wazo zuri sana, kama watu wanaotaka kuondoka. Mkubwa hakuniangalia. Wafula alinibebea mkoba hadi kwenye gari. "Pole, madam. Si tutajipanga?" Nilimwambia anyamaze. Akanifungulia mlango wa gari, na hilo nalo likanikera.

Jumapili, 12 Julai

Sikuenda kanisani. Nimerudi Bumula na mafuta ya taa na matambara kufuta namba kwenye miti mitatu iliyobaki, kabla haijauzwa nayo. Nilianza kwa kubisha hodi kwa Mama Nasimiyu. Nilimwomba msamaha kwa kupaka bila kumngoja. Alichukua tambara moja, tukaenda kusugua pamoja. Rangi ile haitoki kirahisi. Gome lote limebaki na wekundu kidogo, lakini namba hazisomeki tena.

Wakati wa kurudi tulipitia kwenye kisiki cha mvule. Nilikuwa nimesahau simu mfukoni, imewashwa. Ikalia. Mara hii haikukosea hata kidogo.

Mama Nasimiyu akauliza inasema nini. Nikamsomea: "Umefika. Inua macho. Nani anaishi humu?"

Akainua macho. Nami nikainua.