Kinyozi Anayebana Pumzi

Shangazi mshauri, shikamoo, naomba uniokoe kabla Jumamosi haijafika. Mimi ni kinyozi, na usione najisifu, ila mtaa mzima wananiita Rula kwa sababu mstari wangu wa paji la uso haupindi hata uupime kwa uzi, wenzangu wawili pale saluni hubaki kutazama ukuta wateja wakisema wananisubiri mimi, na shule niliiachia darasa la sita lakini leo walimu wa ile ile shule wananiinamishia vichwa.

Sasa ni miezi miwili mkono wa kulia unatetemeka nikifika kwenye mstari, mabega yananiuma kama nimeshinda nikibeba magunia, nyumbani nafoka kijiko kikianguka tu, na wiki iliyopita nilikuwa namnyoa mwalimu mmoja aliyenifundisha hesabu, upande wa kushoto ukapanda kidogo, nikasawazisha wa kulia, ukapanda zaidi, nikarudi kushoto, nilipomaliza paji lilikuwa linakaribia utosi, akajitazama kwenye kioo akaniambia taratibu, "Rula, hesabu zimekushinda mara ya pili." Watu wakacheka na mimi nikacheka, lakini tangu siku hiyo nikishika mashine nabana pumzi mpaka mstari uishe, vichwa ishirini kwa siku, sikai, maji sinywi, maana nikikaa watasema Rula kachoka.

Kilichonifanya niandike ni baba. Miaka yote amesema kunyoa vichwa vya watu si kazi, hajawahi kukanyaga saluni yetu, sasa katoka hospitali, na juzi tukila akasema bila kunitazama kwamba Jumamosi atakuja nimnyoe. Nikamwambia kutakuwa na foleni. Akasema, "Nitasubiri." Shangazi, yule mzee hajawahi kumsubiri mtu. Nimewaza kujifanya mgonjwa, na rafiki yangu kanishauri nipige bia moja asubuhi mkono utulie. Nifanyeje?

Rula

*

Marahaba, Rula mwanangu. Bia iache. Mkono unaotulizwa na bia moja leo, kesho utadai mbili. Na ugonjwa wa uongo usiupeleke kwa mtu aliyetoka kuugua kweli kweli.

Jibu umeliandika mwenyewe ukalipita mbio, kama kawaida ya wenye sifa. Unabana pumzi mara ishirini kwa siku, mabega yamepanda hadi masikioni, halafu unashangaa mkono kutetemeka? Kuanzia kesho, kabla ya kila kichwa, weka mashine chini. Shusha mabega. Vuta hewa puani mpaka tumbo lijae, itoe mdomoni polepole kuliko ulivyoivuta. Mara tatu. Mstari uchonge wakati hewa inatoka. Kila baada ya vichwa vitano, kaa. Ndiyo, kaa, wakuone. Kunja ngumi kwa nguvu, hesabu hadi tano, achia, sikia vidole vinavyolegea, kisha unywe maji. Wenzako nao waachie wateja, wana mikono. Jioni zunguka mtaa mara moja bila simu ndipo uingie ndani; kijiko hakina kosa. Wiki mbili zikipita bila nafuu, au mkono ukitetemeka hata ukiwa umeulaza, nenda zahanati, usiniandikie mimi.

Lakini kuna kitu umenificha. Unasema miezi miwili, na mwalimu ni wa wiki iliyopita. Baba yako alilazwa lini? Sihitaji jibu. Wewe jiulize.

Mzee anayekubali kukaa foleni kwa mwanawe haji kupima mstari. Kwa hiyo Jumamosi utakuwepo, mzima, bila harufu mdomoni. Mfunge kitambaa, weka mikono yote miwili mabegani mwake, pumua taratibu mara tatu, usijali nani anatazama. Mkono ukikataa, mwambie, "Baba, niliogopa ulipolazwa." Kisha endelea kunyoa.