Fundi, Mashine Zile Sita Zimetoka Kabatini

Mwaka mzima umetimia, Fundi, tangu asubuhi ile kifua kilipokubana kwa siku ya tisa na Mwenyezi Mungu akakuita. Watu bado wanabisha hodi na cherehani zao. Mkeo huwaambia haupo, nao husimama kidogo kabla ya kugeuka.

Ulikuwa mpole, na hilo mtaa mzima unalijua. Ulipuliza vumbi kwenye mashine ya mteja kama mtu anayempozea mtoto uji. Uliimba na sindano mdomoni, mkeo akakukemea kila siku, na kila siku ukaimba. Lakini leo tunakukumbuka kwa jambo ambalo wengi hawalijui. Mwalimu anayehusika ametupa ruhusa. Alisema, "Andikeni yote, mama. Hata ile ya kitambaa."

Kitinda mimba wetu haoni tangu akiwa na miaka mitatu. Tulimpeleka shule ya serikali, kwenye kitengo cha elimu maalumu, na mwalimu mzee wa pale akamfundisha nukta nundu, yale maandishi ya vitone ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Mzee akastaafu. Akaja mwalimu mpya wa kike, bado kijana, mwenye maneno ya asali, na mkeo akaanza kunusa jambo.

Ripoti ya muhula wa kwanza ilisema, "Anaendelea vizuri." Ya pili, "Anaendelea vizuri." Ya tatu vilevile. Huku nyumbani mtoto anasema, "Mama, siku hizi tunasikiliza tu. Vidole vyangu vinasahau." Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umebakiza mwaka mmoja na nusu. Asiyeweza kuandika angekaa pembeni wenzake wakiufanya, kisha arudishwe nyumbani na barua nzuri.

Mkeo alikwenda kuuliza. Mwalimu akasema mashine za nukta nundu ni mbovu. Mwalimu mkuu akasema ni nzima, ila zimetunzwa kabatini. Mkeo akarudi na kukuambia, "Baba watoto, pale pana mtu anakula kitu."

"Mashine haziliwi, mama watoto," ukamjibu, lakini uliacha kuimba.

Haikupita wiki, shule ikakuita. Wakaguzi walikuwa njiani, na mashine zote sita zilitakiwa kutiwa mafuta. Ulifungua ya kwanza ukakuta grisi ya kiwandani imekauka mle ndani, haijaguswa. Ya pili hivyo hivyo. Ukamwambia mwalimu, "Mashine inayofanya kazi huwa na uchafu wake. Hizi zina usafi wa kutisha."

"Fundi, umeitwa kutia mafuta, si kutia maneno," akakujibu.

Ukamwomba tu apachike karatasi ili mjaribu. Akaigeuza, akaizungusha, akaisukuma upande usiopokea karatasi. Hapo ukajua. Ulipomsimulia mkeo, alitaka muende ofisi ya elimu siku ileile. Ukakataa. Ukasema, "Ngoja kwanza," na hukueleza unangoja nini. Hilo halikumpendeza.

Ikaja Jumamosi, ukavaa shati la pasi. Ukamshika mtoto mkono, ukasema mnakwenda kwa mteja. Jumamosi ya pili, shati la pasi. Ya tatu, shati la pasi na viatu vimepigwa rangi.

"Mteja gani huyo anayeng'arishiwa viatu?"

"Mteja mgumu, mama watoto."

Mtoto alipoulizwa alibana midomo. Dada yako naye hakusaidia. Alimwambia mkeo, "Wifi, mwanamume akianza kujipigia pasi mwenyewe, usimwulize. Mfuate." Mkeo ni mtu wa sala. Alisali kwanza, kisha akakufuata.

Ulikatisha uwanja wa shule ukaingia kitengo. Mkeo akajibanza ukutani, chini ya dirisha. Akasikia sauti ya mwanamke ndani: "Nimekosea tena?" Damu ikamchemka. Kisha akasikia sauti ya kitinda mimba wake: "Umekosea, mwalimu. Anza upya. Na usichungulie!"

Mkeo akasukuma mlango. Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya mashine, kitambaa chako cha kufutia cherehani kimefungwa machoni pake, na mtoto wa darasa la sita amesimama kando anapapasa karatasi yake. Wewe ulikuwa pembeni na bisibisi.

"Karibu, mama watoto," ukasema. "Umefumania. Sasa vuta kiti."

Mwalimu alivua kitambaa akalia. Alikuwa amehamishwa kutoka darasa la kawaida, akapewa mafunzo ya wiki mbili, akaambiwa, "Wewe sasa ni wa kitengo." Akaogopa kwamba mashine zikitoka, ataambiwa azitumie mbele ya watu. Ndipo akazifungia. Ulimwambia mkeo njiani, "Angekuwa mwizi, ningemshtaki. Huyu ana aibu, na watoto tisa wanasubiri aibu yake iishe."

Mkeo hakusadiki. Mwanamke mwenye machozi ya karibu, alisema, huwa na mengine ya mbali. Kwa hiyo kila Jumamosi akaja pia, akakaa mlangoni na kazi yake ya kushona, akihesabu ni mashine ngapi ziko mezani. Miezi minne alihesabu. Mwishoni mwalimu alikuwa anaandika amefunga macho, na mtoto akisema, "Hapo sawa."

Kisha ukatuacha. Mkeo akaogopa kwamba mambo yatarudi kulekule, maana fundi hayupo wa kuyatazama. Hata matanga hayajapoa, mwalimu mkuu akamwita. "Mama, wa kitengo si lazima wafanye mtihani. Tusimchoshe mtoto."

"Aliyechoka ni nani, mwalimu mkuu? Mtoto au wewe?"

Tangu siku ile mkeo alikuwa akitokea shuleni bila kuarifu, leo Jumanne, wiki ijayo Ijumaa. Kila alipotokea alikuta mashine zinalia. Akatafuta kosa, hakuliona, na bado akarudi.

Mwezi uliopita mtoto alifanya mtihani. Mkeo alikaa nje ya geti tangu asubuhi, akisali na kushuku. Saa tano msimamizi akatoka, mtu mgeni, uso umekunjamana. "Mzazi wa yule mtoto wa nukta nundu ni nani?" Mkeo akasimama. Alikuwa na maneno tayari kwa ajili ya yeyote atakayemtoa mwanawe mle ndani.

"Tulileta karatasi nne nene kwa ajili ya insha," msimamizi akasema. "Amezijaza zote. Anasema bado hajamaliza. Nitapata wapi nyingine?"

Kabla mkeo hajajibu, mwalimu wa kitengo alikuwa anakatisha uwanja mbio na bunda zima kifuani, kiatu kimoja kimebaki nyuma. Mkeo akaenda kukiokota.

Unakumbukwa na mkeo, wanao wanne na kitinda mimba wako, kaka yako seremala, dada yako aliyechochea moto, wakwe, wajukuu wawili, na watoto tisa wa kitengo pamoja na mwalimu wao. Mungu akupumzishe pema, Fundi. Hatutakusahau siku zote tutakazojaliwa.