Karatasi mbili za kundi la damu

Swahiba, acha unachofanya usome.

Unamjua mpwa wangu, yule binti fundi wa kompyuta wa hospitali. Leo alikuwa anaunganisha hifadhidata ya maabara na mtambo mwingine kabisa, wa foleni, unaopokea majibu na kuyapeleka wodini yakachapwe. Mimi nimekaa pembeni, namsubiri twende tukale.

Kumbe asubuhi maabara walikosea. Mgonjwa wa kundi O, ambaye damu ya A yaweza kumuua, wakamwandika A. Wakasahihisha kwenye hifadhidata, wakaona yameisha. Lakini lile jibu la makosa lilikuwa limeshatoka, limekwama kwenye foleni.

Mpwa wangu akaunganisha. Jibu sahihi likaenda. Akacheka, "Mjomba, umeona? Yanatiririka kama maji!"

Halafu yale yaliyokwama yakaanza kutoka nyuma yake, moja moja. Akasoma. Akasawijika.

Akapiga simu wodini, nami nikasogeza sikio karibu. Nesi akamjibu kwa utulivu kabisa, "Ndiyo dada, zimekuja karatasi mbili. Ya kwanza O, ya pili A."

"Mmefuata ipi?"

"Si ile ya mwisho! Marekebisho huja mwisho, dada, au vipi?"

Ile ya mwisho, swahiba! Anasema kama anamfundisha mtoto.

Mpwa wangu akauliza, "Damu imeshaanza kuingia?"

Tulisikia simu ikiwekwa mezani, kisha viatu vikikimbia.

Mpaka naandika hapa mpwa wangu bado ameishikilia simu sikioni. Hajarudi mtu kuongea.