Jina Lililo Kwenye Jiwe la Guka

Gatitu, Nyeri
9 Agosti 2016

Kwa kaka yangu Theuri,

Pokea salamu nyingi, wewe, shemeji na watoto huko Nanyuki. Natumaini hamjambo. Sisi tuna afya, ila mimi silali. Naandika kwa kalamu kwa sababu Baba amenipokonya simu.

Ulinituma nikusanye habari za guka Theuri, babu yetu, mwanajeshi wetu wa Burma, zisomwe Jumamosi tukizindua jiwe la kaburi lake. Heri ungenituma kuchuma chai!

Huko Kagio nilimpata mzee Hezekiah Ngatia, aliyepigana pamoja naye vitani. Nilipomwonyesha picha ya guka alisema ati huyo si Theuri. Theuri walimzika kando ya mto huko Burma. Huyu ni Kinyua, rafiki yake, yatima, aliyetumwa kumpelekea mama ya marehemu medali. Nikacheka. Mzee hakucheka.

Yaliyofuata mzee alisimuliwa na Kinyua mwenyewe. Watu wa Theuri walikuwa wamehamia Gatitu wakati wa vita, na majirani wapya hawakuijua sura ya Theuri. Mama yake alikuwa kipofu. Alipapasa medali, akamwita Kinyua mwanangu, naye akaitika. Cucu, nyanya yetu, alijua huyo si mumewe, akanyamaza, na baadaye akamzaa Baba. Shamba la Theuri likawa letu. Hata jina ulilorithi kama mzaliwa wa kwanza ni la mtu asiyetuzaa.

Damu ya Theuri ni shangazi Shiro peke yake, aliyezaliwa kabla ya vita. Unakumbuka alivyorudi baada ya kuachika, akaomba mahali pa kujenga? Baba alimwambia msichana harithi shamba la babake. Tulimtazama akiondoka na beseni lake.

Nilimweleza Baba. Hakushangaa, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema nifute sauti ya mzee niliyorekodi kwenye simu au nitafute baba mwingine; nilipokataa akaichukua simu. Tangu siku hiyo ananoa panga kila asubuhi mlangoni pangu, na nyasi zilishakatwa. Naogopa, kaka, naogopa sana.

Nisamehe, kuna jambo sijamwambia. Nilipotoka Kagio nilipitia kwanza kwa shangazi, huko anakoishi Skuta, akaisikiliza sauti yote. Shamba hakulitaja. Aliuliza tu kama mzee alikumbuka jina la huo mto wa Burma. Kisha akasema Jumamosi atakuja, na atakaa mbele, mahali pa mtoto wa marehemu.

Njoo Ijumaa, tafadhali, usingoje Jumamosi. Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Ni mimi dada yako,
Kabura